Mbuzi wa Bi Mwanaidi na Mbwa Mwitu wa Stefano

Vijana wangu mlioajiriwa juzi kulinda pori, mmekuja hapa nyumbani Kisanga mara tatu mkitaka niwafundishe kusoma mzoga, na nimewafundisha. Ila kila mnaponiuliza ilikuwaje enzi zetu mbwa mwitu wakalindwa na sheria, kisha wakaondolewa ulinzi, kisha wakarudishiwa, mimi nawageuzia maneno na kuomba mnisogezee kahawa. Leo nawaandikia, kwa sababu kulisema huku nawatazama usoni nimeshindwa. Waliondolewa ulinzi kwa sababu yangu, na kilichonisukuma kilikuwa wivu.

Nilipoanza kazi ya uaskari wa nyama, bendera ilikuwa bado ya Mwingereza. Mbwa mwitu alikuwa kwenye karatasi moja na nyani na ngedere, karatasi ya wanyama waharibifu, na kumpiga kulihesabiwa kuwa ni usafi. Ukishampiga unakata mkia, unaupigilia msumari kwenye mlango wa stoo ya kituo, ili mkubwa wetu wa Kilosa, ambaye watu wote walimwita Bwana Nyama, aone kazi imefanyika. Mlango ule ulikuwa wangu. Wenzangu walikuwa na mikia miwili, mitatu, mingine ya kubahatisha. Mimi niliujaza kuanzia juu hadi kwenye komeo, na wageni wakija niliwapitisha hapo makusudi hata kama walikuja kuulizia tembo.

Msinielewe vibaya, sikuwa mkatili. Nilikuwa hodari wa jambo moja, na mtu hodari wa jambo moja hupenda jambo hilo liendelee kuwa na maana.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge kule Rudewa, akauchukia mkonge, akaingia porini. Mimi Msagara, kwa hiyo alikuwa mtani wangu, na mtani mnajua hana adabu na wala hadaiwi adabu. Siku moja, bado mgeni kazini, nilimfuata nyati aliyejeruhiwa bila kuuliza upepo unavuma wapi. Nyati akaninusa kabla sijamwona. Nilipanda mgunga, na mgunga ni miiba mitupu, nikakaa huko na suruali imechanika nyuma. Mzee Maganga akampiga nyati yule risasi moja, akaketi juu yake, akasokota tumbaku. Alipomaliza kuvuta ndipo akainua kichwa.

"Msagara, huko juu umekuta asali?"

Miaka miwili baadaye, kwenye matanga ya baba yangu mdogo, aliigiza mbele ya wafiwa wote nilivyopanda ule mti. Watu waliacha kulia wakashika mbavu. Lakini baada ya miiba ile sikusahau upepo tena. Niliuhisi kwa shingo, kwa ngozi ya nyuma ya masikio, hata nikiwa nazungumza.

Yeye mwenyewe alitumia majivu. Alikuwa na kimfuko cha ngozi ya digidigi, kimejaa majivu laini ya jikoni, na kila baada ya hatua kadhaa alikipigapiga kidogo ili atazame vumbi linaelekea wapi. Kimfuko kile ndicho kitu pekee nilichowahi kukitamani katika kazi hii. Sikutamani cheo wala buti. Nilijua siku akistaafu kitakuwa changu, maana nani mwingine alikuwa na mlango uliojaa mikia?

Halafu akaja Stefano.

Alitoka juu, milima ya Ukaguru, amesoma shule ya misheni. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mitatu hivi, mwembamba, mpole, na alipiga bunduki vibaya mpaka ikawa inachekesha. Ila aliandika. Jamani, aliandika! Mwandiko wa mlalo, herufi zimeshikana mikono. Uhuru ulikuwa umeshapatikana, mbuga ya Mikumi imekuwa hifadhi, na sisi tuliolinda nje ya mpaka wake tulianza kudaiwa ripoti kwa kila kitu. Mimi sikujua kuandika. Nilikuwa namsimulia yeye, yeye anaandika, kisha mimi naweka dole gumba. Fikirieni wenyewe: jasho langu, macho yangu, nyayo nilizozisoma mimi, lakini karatasi ikifika Kilosa anasifiwa mwenye mwandiko.

Nilimwonea wivu. Kuna wivu wa kusema pembeni halafu unapita, na kuna wa kukukosesha hamu ya chakula. Wangu ulikuwa huo wa pili. Mke wangu aliniuliza kama nina minyoo.

Stefano hakupiga mbwa mwitu. Siku ya kwanza aliponiona nakata mkia aligeuka pembeni, nikamtania kwamba amezoea kengele za kanisa. Akaniambia kisa chake. Mwaka mmoja wa njaa, baba yake amekwisha kufa, mama yake alikuwa akizisikia sauti za mbwa mwitu kule bondeni asubuhi anachukua kikapu na panga. Anawaendea wakiwa wanakula, anapiga makofi, wanasogea kando. Anakata paja moja tu, anaondoka. Hakuchukua mawili hata siku moja, akisema waliofanya kazi nao wana watoto.

"Kwetu Rudewa hicho ni kibudu," nikamwambia. "Hakiliwi."

"Kaka Hamisi, kibudu hicho ndicho kilichonilea."

Alikuwa na daftari. Kila mbwa mwitu ana mabaka yake, hakuna wawili wanaofanana, nanyi siku hizi mnajua hilo kwa picha. Yeye alijua kwa penseli. Alichora ubavu wa kushoto na wa kulia, akaandika nani mama wa nani, nani ameumia, nani hajaonekana. Tena akawapa majina yetu. Aliyekuwa mzee na mwenda pole ndiye Maganga. Mmoja aliyekoroma kila wakati alikuwa dereva wetu. Hata Bwana Nyama, aliyekuwa sasa kijana wa Kiafrika aliyetoka masomoni, alikuwa na mbwa wake na alimcheka. Kila mtu kituoni alimjua wa kwake isipokuwa mimi.

"Wako yupo," Stefano aliniambia. "Ila sikwambii. Twende pangoni kwao ukamwone mwenyewe."

Sikwenda. Nilijiambia amenipa mbaya kuliko wote, anataka tu nikachekwe mbele ya mbwa.

Mwaka ambao Mzee Maganga alistaafu ndio mwaka nilioharibika kabisa. Kwanza, Bwana Nyama alisoma daftari lile, akaona jinsi kundi lilivyopungua, akawaandikia wakubwa zake, na majibu yakaja: katika eneo letu mbwa mwitu ametolewa kwenye waharibifu, ameingizwa kwenye wanaolindwa. Mikia yangu iling'olewa mlangoni kwa koleo. Mahali pake ikabandikwa karatasi ya amri mpya, na kwa kuwa sikujua kusoma, Stefano ndiye aliyenisomea. Pili, wiki hiyohiyo, Mzee Maganga alipofunga mizigo kwenda Ruaha kulima miwa, alimwita Stefano mbele yetu akampa kimfuko cha majivu.

Majivu, vijana wangu. Vumbi la kuni! Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia kwa ajili ya majivu.

Miaka michache ikapita, vikaja vijiji vya Ujamaa. Watu walihamishwa kutoka mashamba yao ya mbali wakapangwa kwenye mistari, na kimoja cha vijiji hivyo kilikuwa karibu sana na pori letu. Pamoja na vijiji likaja darasa la kisomo cha watu wazima, nami nikajiunga. Nilikaa kwenye gogo na akina mama wenye watoto mgongoni, nikaandika a, e, i, o, u mpaka kidole kikaota sugu. Nia yangu sikumwambia mtu. Nilitaka siku moja nipeleke ripoti Kilosa bila Stefano.

Siku hiyo ilifika. Stefano alikuwa amekwenda kwao likizo. Ikaja habari kwamba mbuzi wa Bi Mwanaidi wameuawa zizini usiku. Bi Mwanaidi alikuwa mjane aliyehamishiwa pale, na mbuzi wale saba ndio mali pekee iliyofika naye salama. Nilipofika asubuhi wanne walikuwa wamekwisha.

Hapa nanyi someni mzoga pamoja nami. Mbwa mwitu anafungua tumbo, anakula haraka na wenzake, anaacha kichwa, ngozi na uti wa mgongo, na mifupa mikubwa unaikuta mizima. Tena anawinda kukiwa na mwanga, asubuhi na jioni. Fisi anatafuna mifupa hadi anaisaga, nyayo zake za mbele ni kubwa kuliko za nyuma, na kinyesi chake kikikauka ni cheupe kama chokaa. Pale zizini mifupa ya mapaja ilikuwa vipandevipande. Nyayo za mbele zilijaa kiganja changu. Kinyesi cheupe kilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Hata mtoto wa askari angejua.

Bi Mwanaidi alinipikia uji. Nikaketi kwenye kigoda chake, nikatoa karatasi, na kwa herufi kubwa zilizopinda nikaandika kwamba mbuzi wanne wameuawa na mbwa mwitu. Nikasaini jina langu kamili.

Ripoti yangu ya kwanza maishani, niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, ilikuwa ya uongo. Sikutumwa na mtu wala kuahidiwa kitu. Nilitaka tu kuona lile daftari linadharauliwa kama mikia yangu ilivyodharauliwa.

Ilifanya kazi kuliko nilivyotegemea. Wanakijiji walikasirika, mwenyekiti akapeleka malalamiko, ripoti yangu juu yake, na Bwana Nyama hakuwa na jinsi. Akapata kibali cha kusimamisha ulinzi. Karatasi ikabanduliwa mlangoni. Aliyeagizwa kupunguza kundi nilikuwa mimi, mpiga shabaha wa wilaya, na Bwana Nyama alinisifu pia kwa mwandiko.

Nilipiga watatu asubuhi ya kwanza. Wa nne nilimpata mguu, akaingia vichakani. Nilikata mikia, nikapigilia, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Nilingoja ile raha ya zamani. Haikuja, na nikaona bora niende kunywa chai.

Stefano aliporudi hakunigombeza. Alisimama mbele ya mikia ile mitatu, akatoa daftari, akaweka msalaba kwenye kurasa tatu. Kisha akaenda kwa Bi Mwanaidi. Kwa wakati huo mbuzi wengine wawili walikuwa wameliwa, maana fisi alikuwa hajaguswa na mtu. Alirudi na kipande cha mfupa uliosagwa, akakiweka juu ya meza mbele yangu.

"Kaka Hamisi, wewe umenifundisha hii. Ni nani huyu?"

"Mbwa mwitu," nikasema.

Akakichukua kipande chake, akatoka.

Akamwomba Bwana Nyama aje kijijini kusikiliza shauri upya. Siku ikapangwa. Wote tulijua jambo lilivyokaa: pangoni kulikuwa na watoto wa mbwa mwitu, na amri ikibaki vile, ningetumwa kumaliza kundi kabla ya mvua. Stefano alikuwa na daftari na mfupa. Upande wa pili kulikuwa na ripoti ya askari mwenye miaka mingi, tena aliyeona mizoga ikiwa mibichi. Neno langu lilikuwa zito kuliko lake, kwa mara ya kwanza.

Mkesha wa shauri, alasiri, Mzee Maganga alishuka kwenye lori la miwa kutoka Ruaha. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba huku akicheka, akakaa barazani kwangu bila kukaribishwa.

"Msagara, nimesikia siku hizi unajua kuandika."

"Najaribu, mzee."

"Na umeandika fisi kwa herufi za mbwa mwitu. Shule gani hiyo?" Mke wangu alicheka jikoni. Mimi sikucheka. "Nimepita zizini kwa yule mama. Nina mtoto wa jicho, nimeona. Wewe una macho mawili mazima hukuona?"

Badala ya kujitetea kuhusu mbuzi, nikasikia mdomo wangu unasema kitu kingine kabisa.

"Kwa nini ulimpa majivu?"

"Majivu gani?"

"Kimfuko chako. Mimi ndiye uliyenilea."

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua ni maji. Kisha akapiga goti lake kofi.

"Yule mtoto wa misheni hajui upepo! Angeuawa na nyati mwezi wa kwanza. Wewe unauhisi kwa shingo tangu ule mti. Nikupe majivu ya nini? Ningempa fimbo mtu mwenye miguu?" Alicheka hadi akakohoa, halafu akaacha. "Kumbe ndiyo sababu. Miaka yote hii, Hamisi? Kwa jivu la jiko la mke wangu?"

Ndiyo mara pekee aliyoniita kwa jina.

Kesho yake mkutano ulijaa. Bwana Nyama alikaa mezani na ripoti yangu mbele yake. Stefano alizungumza vizuri, kwa upole, akifungua daftari ukurasa kwa ukurasa, na niseme kweli, hata saa ile nilimwonea wivu kwa jinsi akina mama walivyomsikiliza. Mwenyekiti akaniita nithibitishe maandishi yangu. Nikasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, mwandiko ni wangu. Maneno si ya kweli. Mbuzi wale waliuawa na fisi na nilijua tangu asubuhi ile."

"Uliandika hivyo kwa nini?" Bwana Nyama akauliza.

"Kwa wivu."

Kelele zikaanza, zikakatwa na Bi Mwanaidi. Hakupaza sauti. Alisimama na kanga yake mabegani akanielekea mimi.

"Baba Zuhura, siku ile nilikupikia uji."

"Ndiyo, Bi Mwanaidi."

"Walikuwa wamebaki watatu. Ungesema fisi, ningeweka miiba. Sasa ninaye mmoja." Akakaa. Hakuongeza kitu, na sijawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo.

Ulinzi ulirudishwa. Karatasi ikabandikwa tena mlangoni, na safari hii niliisoma mwenyewe kwa sauti, nikitamka neno moja moja, wenzangu wakinisikiliza. Mimi nilinyang'anywa bunduki. Adhabu yangu ilikuwa kuzungushia zizi la Bi Mwanaidi miiba ya mgunga, safu mbili, kwa mikono yangu, na fisi hakuingia tena. Nilimpelekea pia majike mawili kutoka zizi langu, akayapokea bila kunikaribisha ndani. Baada ya hapo nikaamriwa kutembea na Stefano kuhesabu mbwa mwitu, yeye achore, mimi nisome nyayo na upepo.

Hivyo ndivyo nilivyofika pangoni mara ya kwanza, jioni moja, miaka kadhaa baada ya kualikwa. Tulilala kifudifudi juu ya kichuguu. Stefano alitoa kimfuko cha majivu, akasita, akakirudisha mfukoni, akanitazama. Nikamwonyesha kwa kidole upepo unakotoka.

Pangoni palikuwa na watoto wanacheza, na mbwa mmoja mkubwa amekaa nao. Alipoinuka, mguu wa nyuma haukugusa chini. Nilimjua. Ni yule wa nne.

Kundi likarudi kutoka mawindoni, wamelowa damu hadi masikioni. Watoto wakawakimbilia kudai chakula, nao wakawatapikia nyama kama wafanyavyo. Yule kiwete alikuja nyuma ya watoto, akachechemea, akainamisha kichwa. Hakuwinda siku ile. Nilidhani watamfukuza. Jike mmoja akamsogelea akamtapikia yeye peke yake, na wengine hawakumsukuma.

"Wangu ni yupi?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimekwisha kukisia.

Stefano akafungua daftari ukurasa wa zamani, penseli imeanza kufutika. Mabaka yaleyale, ubavu uleule, miguu yote minne ikiwa mizima bado. Chini yake kwa ule mwandiko wa mlalo aliandika: *Hamisi. Ndiye hodari kuliko wote. Bila yeye kundi halishibi.*

Stefano alitoa muhogo wake wa kuchemsha, akauvunja katikati, akanipa kipande kikubwa, macho yake bado kule chini. Nikaupokea, nikamtazama yule mbwa mwenye jina langu akila alicholetewa na wenzake, hana habari kwamba mtu anaweza kuona haya kulishwa. Nikamwonea wivu.